Mtangazaji Mwenye Macho

Mwaka 2004 Marv Albert, sauti ya timu ya mpira wa kikapu ya New York Knicks tangu 1967, aliachana na kituo cha televisheni cha MSG. Kosa lake ni kwamba timu ilicheza ovyo, naye akasema imecheza ovyo. Kituo na timu vilikuwa chini ya bosi mmoja, James Dolan, na iliripotiwa kwamba bosi hakupendezwa. Basi mwenye macho akaondoka. Cha ajabu, Knicks hawakuanza kushinda: msimu uliofuata walipoteza michezo 49 kati ya 82.

Boston hawakuwa na taabu hiyo. Tommy Heinsohn, bingwa na Celtics akiwa mchezaji kisha kocha, alipokaa kwenye kipaza sauti aliona faulo za wageni tu. Refa akipuliza dhidi ya Celtics, basi refa kakosea. Lakini mzee yule hakujifanya hakimu. Ulijua unamsikiliza shabiki.

Balaa ni hawa wa katikati, wenye suti nzuri na sauti ya kisomi: timu iko nyuma kwa pointi 30, wao wanatusifia moyo wa kupambana. Ukiwasikia, zima sauti, tazama ubao wa matokeo.