Mashine ya Mjomba Uani Dimani

Julai kusi huvuma kwa nguvu, wavuvi wengi wa delta ya Rufiji hupunguza safari za bahari kuu, na huo ndio wakati wa kutengeneza vyombo. Ndiyo maana mashine ya boti ikaonekana Dimani, kwetu kwenye mikorosho na mihogo. Mjomba aliileta kwa bodaboda, Yamaha ya farasi 15 iliyofungwa kwa kamba ya katani, akaiegemeza kwenye mwembe wetu. "Mpwa wangu," akasema, "hii ndiyo barabara yetu. Itazame."

Alisema kweli. Ukishafika gati ya Nyamisati, gari halina pa kwenda tena. Mjamzito, mgonjwa, gunia la mchele, kamba wa kuuza, wote hupanda boti kupita kwenye mikoko. Kwa hiyo kazi ile niliipokea kwa mikono miwili, ingawa wiki hiyo hiyo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea.

Rangi ya mashine ilikuwa imetoka malengelenge. Ukipasua moja, unakuta unga mweupe: ni alumini iliyoliwa na chumvi. Hapo wengi huchukua brashi wakapaka juu. Siikubali njia hiyo hata kidogo, maana chumvi huendelea kula chini ya rangi mpya, na safari hii huioni. Sharti ukwangue mpaka alumini ibaki tupu, na ili ukwangue vizuri lazima uufungue mguu wa mashine.

Bolti zikagoma. Bolti ya chuma ikikaa miaka ndani ya alumini kwenye maji ya chumvi, hung'ang'ania kwelikweli. Dawa ni joto, kwa sababu alumini hutanuka karibu mara 2 zaidi ya chuma, na tundu hulegea. Moto wa wazi karibu na mashine ya petroli sikuutaka. Maji yanayochemka yalikuwepo jikoni, kwenye sufuria ya chai. Bolti zikafunguka, mama mkwe akanywa chai saa nne. Mke wangu hakusema neno mbele ya mama yake.

Siku iliyofuata tulihitaji kitu chachu cha kuyeyusha ule unga na chumvi iliyoganda kwenye njia za maji. Zikaenda ndimu za achari, ndoo nzima. Hapo ndipo mke wangu aliposema: "Baba watoto, mashine yenu imekunywa chai, sasa inakula achari. Kesho itataka kitanda?"

Likaja suala la rangi. Mjomba ni Yanga, akataka kijani. Shemeji yangu ni Simba, na yeye ndiye aliyetumwa dukani Kibiti. Akarudi na kopo la rangi nyekundu ya kupima, lisilo na maandishi. Muuzaji alimwambia ni rangi ya boti. Mke wangu, Simba mwenzake, akafurahi kwa mara ya kwanza wiki ile. Shemeji akaupaka mguu wote, pamoja na kile kipande cha zinki kilichofungwa chini.

Binti yangu wa kidato cha tatu alirudi kutoka shule, akanusa kopo, akauliza kama rangi ile ina shaba. Mjomba akaitambua: ni ile wanayopaka matako ya mashua za mbao ili viumbe wa baharini wasishike. Kwenye mbao haina neno. Kwenye alumini, shaba ikikutana na maji ya chumvi hugeuka betri, na alumini ndiyo inayolika. Zinki nayo imewekwa pale iliwe yenyewe ili mguu upone. Ukiipaka rangi, umeifunga mdomo. Msasa ukaanza upya, mjomba na shemeji wakikwangua bega kwa bega bila kusalimiana.

Tukapaka praima ya alumini, kisha kijani cha makopo ya kupuliza. Kusi likabeba ukungu wa kijani hadi kwenye kamba ya nguo, likautua kwenye khanga ya mama mkwe. Nilimwendea kuomba radhi kwa niaba ya ua mzima. Aliitazama khanga, akaitazama mashine. "Mwanangu, mimi nilijifungua huyu mkeo ndani ya mtumbwi wa kusukuma pondo. Ipakeni vizuri."

Tangu hapo tulipaka jioni upepo ukitulia, turubai likikinga, na mke wangu ndiye aliyelishika.

Tulibadilisha impela ya pampu, mpira wake wa zamani ukiwa umekatika mapezi. Tukaijaribu mashine ndani ya pipa la maji, kwani ikiwashwa pakavu mpira huungua upesi. Iliwaka, kijito cha maji kikaruka pembeni. Pipa likabaki na utando wa mafuta. Mjomba akatununulia jingine.

Sasa mashine iko Nyamisati, na kila ikitoka majini husafishwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani na nje. Nanyi wauza rangi ya kupima wa Kibiti, nawaomba: andikeni kwenye kopo kama ni ya mbao au ya alumini. Kalamu moja inatosha duka zima.