Murphy Kakosa Nini?

Siku hizi huwezi kulalamika kwa raha. Umeme ukikatika shati limepigwa pasi upande mmoja, mpangaji mwenzako anakuambia, "Sheria ya Murphy hiyo, ndugu yangu." Fundi kanifungia swichi, nikiwasha taa ya sebuleni, inawaka ya chooni. Nikamuuliza, akacheka: "Mzee, Murphy alishasema, kinachoweza kuharibika kitaharibika tu."

Mimi naona jina hilo limeonewa. Murphy ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Ireland, hasa kule Cork na Wexford, na waliolibeba si haba. Isaac Murphy, Mmarekani mweusi aliyechukua jina la babu yake, alishinda mbio za farasi za Kentucky Derby mwaka 1884, kisha 1890 na 1891. Daktari William Murphy na wenzake wawili walipewa Nobel mwaka 1934 kwa kutibu kwa maini upungufu wa damu uliokuwa ukiua watu. Dawa nzuri, ila buchani kwetu mgonjwa angepona damu, akafa kwa bei. Eddie Murphy tumemcheka tangu miaka ya 1980. Cillian Murphy, mzaliwa wa Cork, akabeba Oscar mwaka 2024 kwa filamu ya Oppenheimer.

Na sisi tumemshika nani? Kapteni Edward Murphy, mhandisi wa jeshi la anga la Marekani, tena kwa kosa la mwingine! Mwaka 1949, huko California, walikuwa wakijaribu kigari cha roketi kuona mwili wa mtu unavumilia breki ya ghafla kiasi gani. Murphy akaleta vipimo vyake, vikafungwa nyaya kinyume, vikasoma sifuri. Inasimuliwa kwamba akafoka: fundi yule, ikiwepo njia ya kukosea, ataipata tu. Wenzake wakaigeuza hasira yake kuwa kanuni, na bosi wao, Stapp, akaitangaza kwa waandishi wa habari.

Samaki mmoja akioza wameoza wote, tunasema. Huyu hata hakuoza. Alikuwa anaonyesha aliyeoza! Aliyefunga nyaya hatajwi, aliyelalamika ndiye kageuzwa jina la mikosi ya dunia nzima.

Mhariri, safu hii naomba itoke bila jina langu.