Kutoka Mikumi hadi Mtaa wa Shaaban Robert: Sababu Kumi za Kwenda Kutazama Picha

Watu wa Kilosa wana reli, watu wa Mikumi wana lami na tembo, na pande zote mbili wana maneno mengi. Leo tuyatumie kwa jambo la maana. Dar es Salaam, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea, yapo Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni. Ni mali ya umma, yaani yetu. Wengi wa wilaya yetu ya Kilosa wamepita pale wakienda wizarani au Feri kununua samaki, na hawajawahi kugeuza shingo. Basi tunahesabu kutoka kumi kushuka hadi moja: kwa nini uingie, na ukishaingia utazame nini katika sanaa ya Afrika Mashariki ya enzi zetu. Atakayefika namba moja bila kununa, tiketi yake nusu imeshalipwa na moyo wake.

10. Njia imefupika, visingizio ndivyo virefu

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na Kilosa ina kituo chake. Ukishuka Dar, bajaji inakufikisha makumbusho kabla hujamaliza kumweleza dereva ukoo wako. Mtu wa Mikumi naye asimame barabarani, basi la kutoka Mbeya au Iringa litampitia, ashuke Mbezi, aingie mjini kwa mwendokasi. Kilosa watasema wametangulia kufika. Mikumi watajibu kwamba wao wamemwona twiga njiani bila kulipa kiingilio. Wote wamesema kweli, waingie pamoja.

9. Kuna mzee wa kumwamkia kwanza

Makumbusho haya yalianzishwa 1934 na kufunguliwa 1940, yakiwa ni kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Mfalme ameondoka, nyumba imebaki kwetu. Kabla ya kufika kwenye picha, pita kwa Zinjanthropus, fuvu alilolifukua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Kwa umri huo, shikamoo moja haitoshi.

8. Macho ruksa, mikono mfukoni

Jasho la kidole hula rangi na kutia doa kwenye mti. Kidole kimoja hakionekani; vidole vya shule nzima vinaonekana. Mwenye mtoto mdogo ambebe, na mwenye mume anayepima kila kitu kwa kukigonga amshike mkono. Wataonekana wanapendana, na kinyago kitapona.

7. Tingatinga ni mwenzetu wa mkonge

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 upande wa Tunduru. Kabla ya kushika brashi alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na hapo mtu wa Kimamba au Rudewa, anayeujua mkonge, hahitaji maelezo zaidi. Akahamia Dar, akafanya vibarua vya hapa na pale, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Turubai hakuwa nalo, akachukua vipande vya hadibodi. Rangi za wasanii zilikuwa ghali, akachukua rangi ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli. Picha zake zikauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Umesoma vizuri: Morogoro Stores. Mkoa wetu ulishakaribishwa humu kabla hatujabisha hodi.

Sogea karibu na picha ya mtindo huo. Rangi ya nyuma imepakwa kwanza ikaachwa ikauke. Ama ni moja tupu, au inatoka taratibu kwenye njano kwenda chungwa. Juu yake amewekwa mnyama, hana ardhi ya kukanyaga wala mbingu ya kumfunika. Sasa jisogeze kando uitazame kwa ubavu. Rangi ni nzito hivi kwamba kila doa la chui limetuna kidogo, na taa ya chumbani inametameta doa kwa doa. Mchoraji hakulipaka doa lile kwa haraka. Alilizungushia brashi mpaka likakaa.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akafa, walimdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi. Wanafunzi na ndugu zake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Miaka minne ya kazi, na jina la mtu mmoja likawa jina la mtindo unaojulikana dunia nzima. Anayelalamika kwamba amechelewa kuanza, namba saba haina pa kumficha.

6. Mtu wa Mikumi ni mtaalamu, na hajui

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu inaipasua katikati. Mtoto wa Mikumi humwona tembo kabla hajamkuta kitabuni, na huenda baba yake ameshakesha shambani akimfukuza kwenye mahindi. Mtu kama huyo akisimama mbele ya picha ya tembo, chumba kizima kinyamaze kimsikilize.

Ila asiishie kwenye "tembo hana masikio kama hayo". Hukumu hiyo tumeipokea, tuendelee: mchoraji ameyakuza masikio ili iweje? Mlinganishe Tingatinga na Theresa Musoke wa Uganda, aliyesomea Makerere na kuishi Kenya miaka mingi. Wanyama wa Musoke wanachomoza na kuyeyuka, pembe hapa, mgongo kule, rangi zimeingiliana. Tingatinga anakupa mnyama unavyomsimulia jioni ukiwa na wenzako, kila doa mahali pake. Musoke anakupa yule uliyemwona alfajiri kwa nukta tatu, ukungu haujatoka. Nani kamwona mnyama kwa ukweli zaidi? Swali hili liulizwe kwenye kijiwe cha bodaboda Mikumi, na abiria wawe na subira.

5. Mpingo umetuzunguka

Mpingo ni mti wa misitu ya miombo, na miombo ndiyo misitu yetu. Hukua polepole mno, na ni mgumu kiasi cha kumchosha mwenye shoka. Mafundi wa Kimakonde, wengi wao wakiwa wametoka Msumbiji, waliufanya usimulie. Roberto Jacobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wa vinyago vinavyoitwa ujamaa: ukoo mzima umepandana ndani ya gogo moja, huyu kamkanyaga yule begani, mwingine kambeba mtoto, na wote wanashikana wasianguke. Samaki Likankoa naye ndiye anayetajwa kwa vinyago vya shetani, vyenye jicho moja na viungo vilivyopinda vikapindika tena.

Inama utazame upande wa chini wa kinyago. Mara nyingi fundi ameacha ukanda mwembamba wa mti wa nje, manjano hafifu, kisha ghafla weusi unaanza. Ukanda huo unakuonyesha kwamba weusi wote ule ni wa mti wenyewe, haukupakwa. Kilosa tunajulikana kwa mkaa, na mkaa tunaupikia, sina ugomvi nao. Naomba tu kwamba kabla ya kuutia mpingo kwenye tanuri, mtu akumbuke kuwa ndani ya gogo lile kuna ukoo mzima unasubiri kutolewa.

4. Msalimie mlinzi

George Lilanga alizaliwa 1934 upande wa Masasi, akajifunza kuchonga nyumbani kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuja Dar na kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii alichokianzisha Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll mwaka 1972. Kazi yake ya kwanza pale ilikuwa ya ulinzi. Baadaye akachora kwenye ngozi ya mbuzi, kwenye batiki, kwenye mbao na turubai. Watu wake wana midomo mipana na masikio makubwa, matumbo mbele, wanacheka, wanabebana, wanasengenyana hadharani. Alipofariki 2005, kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa Ulaya na Marekani.

Kwa hiyo ukimkuta mlinzi kwenye kona ya chumba, usimpite kama nguzo. "Shikamoo mzee", au "Habari za kazi, kaka", kisha uulize: "Hivi watu hukaa sana kwenye picha ipi?" Yeye anashinda nayo kutwa, anawaona wanaopita mbio na wanaoganda. Jibu lake ni mwongozo wa makumbusho ambao hakuna aliyeuchapa.

3. Nenda na bibi

Wasanii wa kisasa hawakuota peke yao kama uyoga. Walilelewa kwenye nyumba zenye vinu, vigoda, ngoma na vinyago. Pwani na Morogoro kuna mwana hiti, kisanamu kidogo cha mti cha Wazaramo, Wakwere, Waluguru na majirani zao: kichwa chenye kishungi cha nywele, kiwiliwili chembamba, mikono mara nyingi haipo. Kilikaa na mwali wakati wa kufundwa ndani. Mkikikuta ndani ya kabati la kioo, mazungumzo yataenda hivi.

"Bibi, mdoli huu ni wa zamani?"

"Mjukuu wangu, huyo usimwite mdoli."

"Ni nini, basi?"

"Ukikua utaambiwa."

Karatasi ya maelezo iliyobandikwa ukutani imeshashindwa hapo. Bibi anajua mengi kuliko kabati, na amechagua asiyaseme, na hiyo pia ni elimu. Mjukuu atatoka pale akiwa na maswali ya kumrudisha nyumbani, kwa mama yake na shangazi zake. Nauli ya bibi isikatwe kwenye bajeti.

2. Picha zetu zinaishi ugenini

Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere, akaenda chuo cha Slade London, akarudi kufundisha, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, na iko huko hadi leo kwenye hazina yao. Watani zetu Wachagga watasema walijua toka zamani kwamba mbege itafika mbali. Wana haki, wapewe maua yao.

Lakini kijana wa Kilosa anayetaka kuiona anahitaji viza. Wenzetu wamefanya nini? Nairobi, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa 1913, ambamo watu walikuwa wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo, sasa ni Nairobi Gallery, na ndani yake mna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa rais aliyependa sanaa kuliko siasa. Mbali zaidi, Singapore ilichukua ukumbi wa jiji na mahakama kuu ya zamani, ikaviunganisha, na mwaka 2015 ikafungua nyumba ya umma ya sanaa ya Asia ya Kusini-Mashariki yote: Mwindonesia, Mfilipino na Mvietinamu chini ya paa moja. Hawakungoja kila nchi ijenge ya kwake. Afrika Mashariki ina Ntiro, ina Musoke, ina Lilanga, ina Elimo Njau wa Marangu aliyeanzisha Paa ya Paa kule Nairobi. Majina yapo, majengo ya zamani yapo. Kinachohitajika ni umma unaodai, na umma unadai kwanza kwa kuingia. Chumba cha picha kinachojaa watu kila Jumamosi ni vigumu mno kukinyima fedha.

1. Wewe ndiye mwenyewe

Sababu kubwa kuliko zote ni hii: makumbusho ya umma hayana mgeni wa heshima. Mkulima wa Rudewa na profesa wa chuo kikuu wanamiliki fungu sawa. Kwa hiyo usiingie kwa kunyata, wala usiseme "mimi sanaa siielewi". Chagua picha moja, moja tu, simama nayo dakika kumi. Sema kwa sauti unachokiona: rangi hii, mkono huu, kivuli kile. Ukiipenda, sema kwa nini. Usipoipenda, sema kwa nini, na mchoraji atakuwa amefaulu vilevile. Hakuna shahada inayotakiwa kwa kazi hiyo. Yanatakiwa macho, na macho tunayo.

Kisha tusisubiri daima kupanda treni. Walimu wa Kilosa na Mikumi, nyie ndio mnaoweza kulianzisha hili. Ombeni ziara ya wanafunzi, na katika barua hiyohiyo ombeni kazi chache, au hata nakala nzuri, zije zitundikwe kwenye ukumbi wa shule wiki mbili. Watoto wazione, wazazi waitwe, mafundi wa hapa walete na vya kwao vikae ukuta huohuo. Barua kama hiyo ni ukurasa mmoja. Iandikeni muhula huu, na kama mkuu wa shule anasita, mwonyesheni namba saba: Tingatinga alianza na rangi ya baiskeli.