Ziara Ijayo ya Kushtukiza Ifanyike Saa Nane Usiku

Kwa Waheshimiwa wote wenye mazoea ya kufanya ziara za kushtukiza hospitalini.
Nakala: Wizara ya Afya, Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma.

YAH: MAKOSA YA MUUGUZI WA ZAMU KATIKA IDARA YA MAGONJWA YA DHARURA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wananchi wanashukuru kwa ziara zenu. Hakuna burudani kama kumwona mheshimiwa kwenye taarifa ya habari ameingia hospitali bila hodi, kamera zikiwa zimeshamtangulia mlangoni, akimuuliza muuguzi kwa nini mzee yule kwenye benchi hajahudumiwa tangu saa nne. Anayeshtukizwa katika ziara hizo ni mmoja tu, naye huwa na glavu mikononi.

Barua hii inakusudia kuwarahisishia kazi kwa kuyataja mapema makosa ya muuguzi huyo, msije mkapoteza muda kuyatafuta.

Kosa la kwanza ni upendeleo. Mzee alifika mapema, akaandikishwa, akakaa. Mara bajaji ikaingia na kijana aliyeanguka na bodaboda bila kofia ngumu, anakoroma, damu inamtoka sikioni. Muuguzi akampita mzee, akamkimbilia kijana. Benki huo ungeitwa uonevu. Hospitali, kwa bahati mbaya, zina utaratibu wa rangi. Mmoja unaotumika sana Afrika ulianzia Cape Town mwaka 2004. Muuguzi anapewa dakika chache za kuhesabu pumzi na mapigo ya moyo, kupima presha na joto, kutazama kama mgonjwa ana fahamu, kisha anampa rangi. Mwekundu anahudumiwa papo hapo. Wa rangi ya chungwa asikae zaidi ya dakika 10. Wa njano anaweza kusubiri hadi saa 1, na wa kijani hadi saa 4. Mzee ni kijani. Goti lake linamsumbua tangu Pasaka, na usiku huu ameamua liishe.

Sasa angalieni nani hulalamika. Ni kijani. Ana pumzi za kugombea, simu yenye chaji ya kurekodia, na namba ya mtu anayefahamiana na katibu wa mheshimiwa. Mwekundu hana malalamiko yoyote. Amevalishwa barakoa ya oksijeni na jina lake mwenyewe halikumbuki. Ndiyo maana taarifa zote zinazowafikia kuhusu idara hii zimeandikwa kutokea kwenye benchi la magoti.

Kosa la pili ni kauli. Hili mmelisema sana majukwaani, na ukweli usemwe: lugha chafu kwa mgonjwa haina utetezi, na wauguzi wenye lugha hiyo wapo. Ila "Tokeni nje wote!" wanayoambiwa ndugu waliozunguka kitanda si tusi. Ndiyo njia pekee ya kuufikia mkono wa mgonjwa. Binti amezimia. Shangazi anasema ni mashetani, baba mdogo anasema kalishwa sumu, jirani kaja na chupa ya maji yaliyoombewa. Muuguzi anamtoboa kidole, anasoma kipimo cha sukari, anatafuta mshipa, anasukuma glukosi. Baada ya dakika chache binti anakaa kitandani na kuuliza viatu vyake viko wapi. Shangazi anaondoka akimsifu mwenye maji.

Kosa la tatu ni karatasi. Serikali imetamka mara kadhaa kwamba majeruhi aliye katika hali mbaya atibiwe kwanza, fomu ya polisi, yaani PF3, ifuate. Tamko hilo ni zuri, ila halikumfikia kila mtu. Kwa hiyo mkono mmoja wa muuguzi unagandamiza kidonda, na wa pili unamwelekeza ndugu kituo cha polisi kilipo. Kuna namba ya malipo ambayo haitoki kwa sababu mtandao uko chini. Kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ambayo mgonjwa ameisikia redioni na angependa kuitumia leo. Na kuna yule aliyeletwa na wasamaria wema bila jina wala ndugu, faili lake likaandikwa "Asiyejulikana", ambaye muuguzi anakuwa ukoo wake wote hadi kesho.

Kuhusu majengo, pongezi. Idara kamili ya kwanza ya dharura katika hospitali ya umma nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Kisha mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, ukaja mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikajenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi mikoani na wilayani. Vigae vinang'aa. Utepe ulikatwa. Kilichobaki ni kuvifundisha vigae kuweka kanula.

Maana hesabu za humu ndani hazifanywi na ukuta. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Majeruhi walikimbizwa hospitali ya mkoa, wengine wakasafirishwa hadi Muhimbili, na waliofariki hatimaye walipita 100. Chukueni majeruhi mmoja tu wa namna hiyo: kilo 60, nusu ya mwili imeungua. Kwa kanuni ya Parkland anahitaji lita 12 za maji ya dripu katika saa 24, na lita 6 kati ya hizo ziingie ndani ya saa 8 za kwanza, zikihesabiwa tangu alipoungua wala si tangu alipofikishwa. Hizo ni chupa 12 za nusu lita kabla saa 8 hazijaisha. Kila chupa ina mtu wa kuitundika, kuitazama na kuibadilisha. Kila saa mkojo upimwe, kujua kama maji yanatosha. Huyo ni mmoja. Zidisheni wenyewe.

Kwa heshima zote, mnaombwa yafuatayo. Ziara ijayo ifanyike Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane usiku, baa zikiwa zinafungwa. Mheshimiwa apimwe presha, apewe rangi yake (bila shaka kijani), akae benchini pembeni ya mzee. Msafara ubaki getini, kwa sababu kila mpambe anayeingia ni mtu mwingine wa kusukumwa nje ya chumba cha ufufuo. Asiulize dawa ziko wapi. Aangalie nani anatumwa kuzifuata, na nani anabaki na wagonjwa wakati huo.

Na ikionekana lazima muuguzi huyo asimamishwe kazi mbele ya kamera, basi iwe baada ya saa mbili asubuhi, akishakabidhi zamu. Kabla ya hapo hakuna wa kumpokea.

Wasalaam.