Trekta la Mzee Limewekewa Moyo wa Kichina

Madison, Wisconsin



Mjomba, ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kazini, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Unauliza, eti ni kweli huku Marekani kitu kikiharibika kinatupwa? Nyumba za hivyo zipo, tena nyingi. Lakini mimi Mungu kanipa jirani wa ukoo wa gereji. Mzee kapita miaka sabini, kucha zake zina oili hata Jumapili kanisani, na ana trekta.

Usifikirie trekta la mashamba ya mpunga ya Dakawa. Hili ni la bustani, ukikaa juu yake miguu inakaribia chini. Ni John Deere 318, aina iliyotengenezwa kuanzia 1983 hadi 1992 kule Horicon, humuhumu Wisconsin. Kiangazi linakata majani. Hapana, mzee hana ng'ombe. Mbuzi pia hana. Majani yanakatwa ili yawe mafupi, basi, na wiki ijayo yanakatwa tena. Mimi nilishaacha kuuliza. Baridi ikiingia, anafunga mbele yake mashine ya kurusha theluji, na hapo ndipo trekta linapopata heshima. Sheria ya mji wa Madison inataka njia ya miguu mbele ya nyumba yako iwe imesafishwa kabla ya saa sita mchana, siku inayofuata theluji kukoma. Ukichelewa, faini. Mimi nina koleo; mzee ana nguvu za farasi 18. Unaona mwenyewe kwa nini alipohitaji mtu wa kumshikia spana abadilishe injini nilijitokeza mbio.

Injini iliyozaliwa pamoja na trekta ni Onan, silinda mbili zilizolala, moja huku moja kule, zinapoozwa kwa upepo. Kampuni yake ilianzia Minneapolis, jimbo la jirani, na injini za namna hiyo hazitengenezwi tena. Injini yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Muuaji ni panya. Panya wa huku akihisi baridi anatafuta chumba, na chumba kizuri kuliko vyote akakikuta chini ya bati linaloelekeza upepo kwenye silinda. Akahamia na godoro lake la nyuzi na magazeti. Upepo ukazibwa, silinda moja ikachemka, siti ya valvu ikalegea kwenye aluminiamu. Najua wewe ungefanyaje: ungepiga senta-panchi kuizunguka siti, ukafunga, ukamwambia mteja aendeshe polepole. Nikamweleza mzee mbinu hiyo kwa fahari ya mafundi wote wa Msamvu. Akanijibu kwamba anaijua, na kwenye injini hiihii ameshaitumia.

Ikabidi atafute mpya. Wisconsin ndiko nyumbani kwa injini ndogo; Briggs & Stratton ilianzia Milwaukee mwaka 1908, na Kohler ina hadi mji wenye jina lake. Mzee aliapa kwamba injini ya mbali haitakanyaga gereji yake. Kisha akaziona bei. Likaja boksi lenye injini ya V, umbo la Honda, pasipoti ya China. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia mambo ya hospitali, kama za Kichina zinadumu. Nikamweleza habari za pawatila zilizomiminika kwetu Tanzania enzi za mpango wa Kilimo Kwanza, 2009: zipo zilizokufa msimu wa kwanza na zipo zinazolima mpaka leo, na tofauti kubwa ni nani anayekagua oili. Akaenda moja kwa moja kuchungulia kijiti cha oili. Kikavu. Injini hizi husafirishwa bila oili, na asiyesoma karatasi akaiwasha, ameshanunua nanga.

Mkewe alipiga hesabu kwa sauti ya kusikika mtaani: trekta lilinunuliwa dola 700, na injini peke yake imepita hapo. Mzee akasema matrekta ya dukani siku hizi ni bati na plastiki. Mama akasema bati na plastiki vinawaka asubuhi.

Kuitoa ya zamani hakukuwa na hadithi. Badala ya mwembe na cheni bloki vya kwetu, kuna kreni ndogo ya kuazima, ndiyo tofauti yote.

Mjomba, injini kuingia si kazi. Kazi ni kuiunganisha na dunia. Injini ya trekta hili inafanya kazi kwa ncha zote mbili: nyuma, flaiwili inazungusha shafti ya kwenda kwenye pampu ya haidroliki inayoendesha magurudumu, mbele kuna klachi ya sumaku ya mashine ya theluji. Shafti ya Onan ni nene, ya mgeni wa Kichina ni inchi 1. Matundu ya msingi hayalingani. Bolti za trekta ni za inchi, za injini ni za milimita, kwa hiyo mezani kuna spana za aina mbili na kila unayoiokota ni ya ile nyingine. Nikamwambia kwetu bushi ya namna hii anachonga fundi tona. Akashuka chumba cha chini ya nyumba, nami nyuma yake, na pale pembeni ya mashine ya kufulia nguo imekaa mashine ya kukerezea, imefunikwa shuka. Akachonga bushi mwenyewe. Injini ilipokuwa imeinama kidogo, akakata kopo la bia kwa mkasi na kuingiza vipande chini ya mguu mmoja mpaka shafti ikanyooka.

Tulipofika kwenye waya, kidogo yatokee maafa. Onan inatumia umeme wa betri: ukizungusha ufunguo, volti 12 zinakwenda kwenye koili. Mgeni ana magneto, anajitengenezea cheche mwenyewe, na kile kiwaya chake chembamba ni cha kuzimia tu. Kikigusa bodi, cheche zinakatika. Yaani ufunguo wa zamani unatoa umeme ili iwake, na injini mpya ukiipa umeme huo kwenye kiwaya hicho unaziunguza koili zake. Kijana wa nyumba ya tatu, mtaalamu wa kompyuta aliyekuja kusaidia, alikuwa ameshazishika waya zote mbili, anatabasamu. Mzee alipiga ukelele ambao sikujua kwamba Walutheri kama yeye wanao. Dawa ikawa rilei: ufunguo ukiwashwa, rilei inakiachanisha kiwaya na bodi; ukizimwa inakirudisha, injini inanyamaza. Swichi ya chini ya kiti nayo tukaiacha hai. Pale kwetu ingefungwa waya siku ya kwanza, nakiri, lakini mashine ya theluji haibagui theluji na vidole.

Boneti ikagoma kufunga, maana injini ya V imepanda juu kuliko ile iliyolala. Nikaleta grainda. Mzee akaiangalia ile grainda, akaniangalia mimi, nikairudisha. Akaagiza kifuniko kifupi cha filta, boneti ikashuka. Halafu akaipaka injini nzima rangi ya kijani, hadi nembo ya Kichina ikapotea.

Iliwaka. Gavana ikaishikilia kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika bila kutetemeka, mzee akazunguka uwanja mara kadhaa bila kukata chochote. Mama akatoka barazani, akasikiliza, akasema sasa linalia kama trekta la watu wengine.

Onan ya zamani iko juu ya meza, imefunguliwa. Nilipomuuliza mzee ya nini tena, akanionyesha picha kwenye simu: 318 nyingine, iko wilaya ya jirani, boneti safi, haina injini. Tunakwenda kuichukua Jumamosi na trela la kuazima. Mama hajaambiwa, kwa hiyo ukipiga simu ya video, Mjomba, uliza habari za hali ya hewa.

Mpwa wako