Sifa za Mheshimiwa Gugu Karoti

Wengine na waisifu kahawa ya Rwenzori. Mimi leo namsifu Mheshimiwa Gugu Karoti, mzaliwa wa Amerika, mkazi wa Kasese, jirani yangu hapa Bwera asiyekuja kukopa chumvi.

Sifa ndogondogo tuzipitie haraka. Ni mchapakazi: haipiti miezi miwili tangu aote keshachanua, na shina moja nono laweza kuzaa mbegu zaidi ya 10,000. Hana makuu: anakaa kando ya barabara, malishoni, hata ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth bila tiketi. Sisi pale mpakani Mpondwe twaulizwa vitambulisho. Yeye anavuka na tope la magurudumu. Ng'ombe akimla, maziwa yanakuwa machungu, basi watoto hawayadokoi.

Lakini sifa yake kuu ni subira. Upupu hauna adabu: ukiugusa tu, umeshakuwasha. Mheshimiwa hana papara. Msimu wa kwanza unamng'oa kwa mikono mitupu, anakuachia. Msimu wa pili unambeba begani hadi kwenye biwi, anakuachia. Kumbe mwili unaweka kumbukumbu. Siku ya siku unaamka kope zimevimba kama maandazi, shingo nzima vipele, na kwenye kunjo za viwiko ngozi imechanika inatoa majimaji. Jua likiwaka ukatoka jasho, ndiyo sherehe yenyewe.

Na kwa kuwa umemshika miaka yote bila dhara, nani atamshuku? Anashukiwa samaki. Inashukiwa sabuni. Pale duka la dawa nilipimwa malaria (ngozi inawasha, napimwa malaria!), kisha nikauziwa dawa ya minyoo. Majirani wakakata shauri kwamba nimerogwa na bwana mmoja tunayegombania naye mpaka wa shamba. Naye, tangu asikie hivyo, anatembea kifua mbele. Hakuna aliyetaja parthenini, sumu iliyomo kwenye vinyweleo na chavua ya Mheshimiwa.

Tena anajua kuchagua. Anamwasha mwenye jembe, anamwacha mwenye faili. Semina za kumjadili hufanyika hotelini, kwa chai na sambusa, na ushauri unaotoka huko ni mzuri kabisa: ang'olewe kabla hajachanua, mikono ikiwa na glavu. Halafu vibarua wanatumwa barabarani kumfyeka akiwa amejaa maua, mbegu zinatapakaa kila upande, mikono mitupu, na ujira wa kutwa haununui hata tyubu moja ya dawa ya kupaka! Glavu zipo. Nimeziona kwa macho yangu, za manjano, lebo zinaning'inia. Walivishwa wakubwa, wakang'oa mche mmoja mmoja, wakapigwa picha. Kisha zikakusanywa, zikahesabiwa, zikarudi garini.

Mheshimiwa, usiwabague hivyo. Chavua yako huruka na upepo, na gari lile lilikuwa limefunguliwa madirisha yote.