Barua ya Wazi kwa Idara ya Mahudhurio

Kwa Waheshimiwa Mabwana na Mabibi wa Idara ya Mahudhurio ya Wanafunzi wa Ng'ambo, katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini ya Uingereza ambacho adabu yanizuia kukitaja.

Nimeipokea barua yenu ya onyo, ambamo mmenijulisha kwamba juma lililopita sikuonekana katika madarasa mawili, na mkaniuliza, kwa maneno laini kabisa, iwapo bado nina azma ya kusoma. Nawashukuru kwa kunikumbuka, kwani tangu nilipotoka Mombasa nikaja kuwa mwanafunzi wenu hamjapata kuniandikia ila kwa mambo mawili, karo na kadi, na karo nimekwisha kuilipa.

Najua kazi hii hamkuiomba. Serikali ya Uingereza imekifanya kila chuo kiletacho wageni kuwa mdhamini wao, na mdhamini asiyetoa habari za mgeni aliyeacha masomo huitia hatarini leseni yake ya kuwaleta wengine. Na hao wengine ni riziki, maana ada ya kijana Mwingereza asomaye shahada ya kwanza imewekewa mpaka na sheria, pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo wa 2025/26, ilhali ada ya mgeni haina mpaka ila haya ya mwenye kuitoza. Ndiyo maana penye kila mlango wa darasa pametundikwa kile kisanduku cheusi kisomacho kadi. Kwa macho yangu nimemwona kijana mmoja akija asubuhi na kadi nne mkononi, akaziweka juu ya kisanduku moja baada ya moja pasi na haraka, taa ya kijani ikawaka mara nne, naye akaenda zake kunywa kahawa. Siku hiyo, kwa mujibu wa daftari zenu, wanafunzi wanne walihudhuria kikamilifu, na mimi niliyeketi mbele ya mwalimu hata mwisho wa somo, kwa kuwa kadi yangu ilikataa kusomeka, sikuwapo. (Marehemu Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh tangu 1949 hata 1952 bila ya kisanduku, akarudi akashika nchi, na baadaye akapata wasaa wa kumfasiri Shakespeare, Mungu ndiye ajuaye angefika wapi lau angalipata uangalizi wenu.)

Ila msidhani kwamba ni nyinyi peke yenu mliopewa dhamana juu yangu. Iko mamlaka nyingine, kongwe kuliko chuo chenu, nayo ni ukoo wangu, na mgongano wa mamlaka hizi mbili ulianza siku ya kuomba viza, ilipotakiwa fedha za kunikimu ziwe zimelala benki siku 28 mfululizo. Baba aliuza kiwanja cha Kisauni, na fedha zikakaa eda, hazikutoka nje wala hazikuposwa na mtu, ijapokuwa waliozitamani hawakukosekana. Eda ilipokwisha, binamu yangu akaipeleka taarifa ya benki kuchapishwa katika saiba moja ya Mji wa Kale, na kabla ya adhana ya Alasiri jumla yake ilikuwa imekwisha kuvuka kivuko na kufika Likoni. Kwamba nililipishwa pia pauni 776 za matibabu kwa kila mwaka wa viza, zote kwa mkupuo kabla sijapanda ndege, hilo halikuchapishwa popote. Tangu siku hiyo mimi ni tajiri.

Sheria ya huku yamruhusu tajiri huyu kufanya kazi ya mshahara saa 20 kwa juma wakati wa masomo, nami sijazidisha hata dakika moja katika nyumba ya wazee ninakowalisha na kuwageuza vitandani. Hofu yangu ni juu ya kazi za ukoo, ambazo sheria haikuzitaja: mimi ndimi katibu wa kamati ya harusi ya mtu nisiyepata kumwona, mimi ndimi mshauri wa dawa za presha za bibi, mimi ndimi hakimu wa mpaka wa shamba, na kila ajaaliwaye mtoto huniuliza bei ya kigari cha kumsukumia. Mkianza kuzihesabu hizo, nitarudishwa kwetu kwa ndege ya kesho. Nazo zina saa zake, kwani wakati wa baridi wa nyumbani wametutangulia kwa saa tatu, na mama akisha kuswali Alfajiri, yapata saa kumi na moja, hunipigia simu. Kwangu ni saa nane ya usiku, ndiyo kwanza navua viatu vya kazi.

Madarasa mawili mliyoyaandika yalikuwa ya Ijumaa. Alhamisi jioni alifariki ami yangu aliyenilea, akazikwa kesho yake baada ya swala, maana kwetu maiti hacheleweshwi. Nikaijaza fomu yenu ya udhuru, ambayo ina vijisanduku vinne vya uhusiano, mzazi, ndugu, mwenzi na mtoto. Ami hakupata pa kukaa, akawekwa katika mengineyo. Kisha nikajibiwa, bila ya jina la aliyejibu, kwamba nilete hati ya kifo ndani ya siku tano za kazi. Waheshimiwa, kwetu mtu huzikwa kwa kibali cha mazishi. Hati ya kifo hufuatwa baadaye, na aghalabu ni mirathi iwaamshayo watu kwenda kuitafuta. Ami hakuacha ila redio na baiskeli, basi hati hiyo huenda mkaingoja hata niwe profesa.

Rai yangu ni hii: mwajirini mama. Usiku ule wa kuamkia Ijumaa, kabla ya kunipa habari, aliniamuru niwashe kamera, akanitazama kitambo, akasema, "Koti hilo ulivaa na juzi, na tangu asubuhi hujatia kitu tumboni." Yote mawili yalikuwa kweli. Yuko mbali nami kwa safari ya ndege mbili, hana kisanduku wala taa ya kijani, na bado hajatokea kijana wa kumgusishia kadi ya mwenzake. Nanyi kwa upande wenu mtoeni afisa mmoja aje ashike nafasi yangu katika kamati ya ukoo, awaeleze shangazi zangu kwa nini mtu akaaye Ulaya hana fedha za turubai la harusi. Watamsikiliza kwa adabu, watamkaribisha chai, kisha watamwandikia mchango wake.

Mama ameridhia, kwa masharti. Mshahara hautaki, kwa kuwa nilipomtajia karo mnayonitoza aliona kwamba watu wenye dhiki kiasi hicho si wa kudaiwa. Asipigiwe simu wakati wa swala. Na huyo aandikaye barua za onyo, kabla ya kuleta nyingine, ampigie yeye kwanza, ajitaje jina, na aseme ni mtoto wa nani.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa pili